Jinsi ya Kuandaa Wasilisho la Darasani Kuhusu Majukumu ya Rais: Mwongozo Kamili

Wasilisho langu la kwanza kuhusu majukumu ya rais lilidumu dakika nne. Nilikuwa nimekariri majukumu saba, nikayamwaga huku nimekodolea dari macho, na nilipofika la tano, "rais hutunga sheria", mwalimu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Sasa Bunge linafanya kazi gani?" Sikuwa na jibu. La sita na la saba yalinitoka kichwani palepale.

Baadaye nikawa mimi ninayekaa nyuma ya darasa na karatasi ya alama, na kosa ninalolisikia ni lilelile langu: orodha. Rais hufanya hiki, hufanya kile, kisha hiki kingine. Ikifika mwisho, msikilizaji amebaki na picha ya mfalme. Mwongozo huu unakwenda kwa njia nyingine. Utabeba swali moja tangu unapoanza kusoma hadi unapokaa chini: katika jukumu hili, nani anaweza kumzuia? Ukilijibu kwa kila jukumu, wasilisho lako litakuwa na mwili.

Hatua ya 1: Amua ni rais wa wapi

Mada ikiandikwa ubaoni "majukumu ya rais" tu, wengi hukimbilia simu na kunakili ukurasa wa kwanza. Ukurasa huo, mara nyingi, unazungumzia rais wa Marekani. Ndipo unapomsikia mwanafunzi akisema kuhusu Tanzania kwamba mawaziri huthibitishwa na Seneti, chombo ambacho Tanzania haina.

Muulize mwalimu anataka nchi gani. Kama amekuachia uhuru, chagua moja iwe shina, kisha ongeza moja au mbili za kulinganisha. Kabla ya kuchagua, jua kwamba neno "rais" linabeba kazi zisizofanana.

Kuna rais mtendaji, ambaye ndiye mkuu wa nchi na pia anaongoza serikali kila siku. Marekani, Kenya na Tanzania zina rais wa aina hii. Kuna rais wa heshima, kama wa Ujerumani, India au Ireland: anawakilisha taifa, anasaini nyaraka, anapokea wageni, lakini serikali inaendeshwa na mtu mwingine, yaani kansela au waziri mkuu. Ufaransa iko katikati. Rais wake ana nguvu nyingi, anamteua waziri mkuu na anaweza kulivunja Bunge la Taifa, lakini chama pinzani kikipata wabunge wengi inambidi aishi na waziri mkuu asiyemtaka. Ilitokea mara tatu: mwaka 1986, 1993 na 1997. Afrika Kusini nayo ina utaratibu wake. Rais huchaguliwa na wabunge kutoka miongoni mwao, na akishachaguliwa anakipoteza kiti chake cha ubunge.

Ukimchagua rais wa heshima, usidhani umepata mada nyepesi. Itakubidi ueleze kwa nini nchi inamhitaji mtu asiyeamua mambo mengi, na swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana.

Hatua ya 2: Fungua katiba yenyewe

Hapa ndipo wasilisho linapopatikana au kupotea. Usianze na muhtasari wa mtu mwingine. Katiba za nchi nyingi zinapatikana bure kwenye intaneti, na sura ya rais haiwi ndefu sana. Ya Marekani ni Ibara ya II. Ya Kenya, iliyoanza kutumika Agosti 2010, ni Sura ya Tisa, na kazi za rais ziko hasa katika ibara ya 131 na 132. Ya Tanzania ya mwaka 1977 ni Sura ya Pili, kuanzia ibara ya 33, inayomtaja rais kwa vyeo vitatu: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Vyeo hivyo vitatu vinatosha kuwa mifupa ya wasilisho zima.

Chukua karatasi, ipige mistari upate safu tatu. Safu ya kwanza andika kitenzi. Ya pili, ibara. Ya tatu, kizuizi. Kisha soma polepole huku umeshika kalamu.

Nasisitiza vitenzi kwa sababu katiba huficha mambo yake humo. Tazama ibara ya 132 ya Kenya kuhusu mawaziri. Ukiisoma harakaharaka utaandika "rais huteua mawaziri" na kusonga mbele. Ukiisoma kwa kalamu utaona vitenzi vitatu: anapendekeza jina, anateua, anaweza kumfukuza. Cha kwanza anakifanya peke yake. Cha pili anahitaji idhini ya Bunge la Taifa. Cha tatu anakifanya tena bila kuomba idhini. Yaani waziri huingia kwa mlango wenye funguo mbili na anaweza kutolewa kwa mlango wenye ufunguo mmoja. Sentensi hiyo moja inakupa dakika nzima ya maelezo mazuri.

Sasa iweke kando ya Tanzania. Huko rais huwateua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, na Bunge halipigi kura kumthibitisha kila mmoja. Linalothibitishwa ni jina la waziri mkuu. Kenya kinyume chake: waziri hawezi kuwa mbunge. Nchi mbili jirani, neno lilelile "waziri", na njia mbili tofauti za kumpata.

Karatasi yako ikijaa utaona safu ya tatu ina mapengo. Usiyajaze kwa kubahatisha. Pengo lenyewe ni habari. Ibara ya 37 ya Katiba ya Tanzania, kwa mfano, inasema rais halazimiki kufuata ushauri anaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Darasa likisikia hilo litaamka.

Hatua ya 3: Panga majukumu, lakini usiyape uzito sawa

Vitabu vingi hutoa majukumu matano, sita au saba. Idadi si kitu. Ukiyapa yote dakika moja moja, hakuna litakaloeleweka. Chagua mawili au matatu ya kuchimba, mengine yapitie.

Mkuu wa nchi. Lipitie haraka. Rais ni alama ya umoja wa taifa: anahutubia, anaongoza sherehe, anapokea mabalozi na hati zao za utambulisho. Unachohitaji kukisema wazi ni tofauti kati ya mkuu wa nchi na mkuu wa serikali, kwa kuwa wasikilizaji wengi hudhani ni kitu kimoja. Mfano wa Ujerumani unaimaliza kazi hiyo kwa sentensi moja: rais yuko, lakini anayeongoza baraza la mawaziri ni kansela.

Kiongozi wa serikali. Hapa ndipo kwenye uteuzi, na umeshaufanyia kazi katika hatua ya pili. Ongeza kwamba rais mtendaji huendesha vikao vya baraza la mawaziri na husimamia utekelezaji wa sheria. Kutekeleza, si kutunga. Liandike kwa herufi kubwa kwenye kadi yako kama ni lazima.

Amiri jeshi mkuu. Jukumu hili wanafunzi hulipenda na hulieleza vibaya. Wanasema "rais anaamua nchi iingie vitani", nukta. Sivyo. Kuamuru majeshi ni jambo moja, kutangaza vita ni jingine. Marekani, rais ndiye anayeyaamuru majeshi, lakini Katiba imeipa Kongresi, yaani bunge la nchi hiyo lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi, mamlaka ya kutangaza vita. Mara ya mwisho Kongresi kufanya hivyo rasmi ilikuwa Juni 1942. Korea, Vietnam na Iraki zote zimekuja baada ya hapo. Hapo utaona darasa linakunja uso, na ndipo unapoleta sheria ya mwaka 1973: inamtaka rais aiarifu Kongresi ndani ya saa 48 baada ya kupeleka wanajeshi vitani, na bila idhini ya Kongresi, baada ya siku 60 anatakiwa aanze kuwaondoa. Rais Richard Nixon aliikataa sheria hiyo kwa kura ya turufu, yaani mamlaka ya rais kukataa kilichopitishwa na bunge. Kongresi ikaipitisha juu ya kichwa chake.

Mfano huo mmoja unagusa majukumu mawili kwa pamoja, jeshi na sheria. Tafuta mifano ya namna hiyo, inakuokolea muda.

Kwa kulinganisha, Kenya rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Tanzania, chini ya ibara ya 44, rais anaweza kutangaza vita kwanza, kisha nakala ya tangazo inapelekwa kwa Spika na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 kulijadili. Ujerumani wakati wa amani, anayeyaamuru majeshi ni waziri wa ulinzi, rais hayumo kabisa.

Rais na sheria. Kama ungenilazimisha nichague jukumu moja la kujengea wasilisho zima, ningechagua hili. Lina hadithi ndani yake. Muswada umepita bungeni, umefika mezani kwa rais. Asiposaini, nini kinatokea?

Marekani ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akiurudisha, Kongresi inaweza kuupitisha kwa theluthi mbili katika kila moja ya mabaraza yake mawili. Akikaa kimya na Kongresi ikiwa bado inakutana, muswada unakuwa sheria bila saini yake. Akikaa kimya na Kongresi ikawa imeahirisha vikao, muswada unakufa. Kimya kilekile, matokeo mawili.

Kenya ana siku 14. Anaweza kuurudisha pamoja na maelezo ya kile asichokubaliana nacho. Bunge likishikilia msimamo wake kwa theluthi mbili, muswada unarudi kwake naye ana siku 7. Zikipita bila saini, unahesabika umesainiwa.

Tanzania ndiyo yenye jibu linalowashangaza watu. Rais akiurudisha muswada, nao wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wote wakauunga mkono na kuupeleka tena kwake ndani ya miezi sita, ana siku 21: ama asaini, ama avunje Bunge. Ni karata nzito, na pande zote mbili zinajua hivyo, kwa sababu mbunge anayemlazimisha rais anahatarisha kiti chake mwenyewe.

Na Ireland? Rais hana kura ya turufu kabisa. Akiwa na shaka na muswada, anachoweza ni kuupeleka Mahakama ya Juu uangaliwe kama unaendana na katiba.

Nchi nne, kalamu moja. Hilo tayari ni wasilisho.

Mambo ya nje. Mfano mmoja unatosha. Rais Woodrow Wilson alikuwa miongoni mwa waliohangaikia zaidi kuundwa kwa Ushirika wa Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa. Mkataba ukahitaji theluthi mbili ya maseneta. Seneti ikaukataa mwaka 1919, ikaukataa tena mwaka 1920, na Marekani haikuwahi kujiunga na chombo ambacho rais wake mwenyewe alikipigania. Ukimaliza kusimulia hivyo huhitaji kueleza tena kizuizi ni nini.

Msamaha. Marais wengi wanaweza kumsamehe mfungwa au kumpunguzia adhabu. Kenya kuna kamati inayomshauri rais kabla. Marekani msamaha wa rais unagusa makosa ya sheria za shirikisho tu, si ya majimbo. Mfano unaojulikana ni wa Septemba 1974, Rais Gerald Ford alipomsamehe Nixon, mtu aliyemwachia kiti mwezi mmoja tu kabla.

Kiongozi wa chama. Vitabu vingi huliweka kwenye orodha, lakini litafute kwenye katiba na huenda usilione. Ni kazi inayotokana na desturi za siasa. Mwambie msikilizaji hivyohivyo, kwamba hili halimo kwenye ibara. Mwalimu anayejua atakuongezea alama.

Hatua ya 4: Tafuta uzi wa kushonea

Ukiwa na haya yote, kishawishi ni kuyapanga kwa namba na kuanza kusoma. Kikwepe. Tafuta uzi. Uzi mmoja ni safari ya muswada, niliokwisha kukuonyesha. Mwingine ni siku moja ya kazi ya rais: asubuhi anapokea balozi, saa nne baraza la mawaziri, mchana muswada uko mezani, jioni simu kutoka kwa mkuu wa majeshi. Kila saa inafungua jukumu jipya, na baada ya kila moja unauliza swali lako la kizuizi.

Siku hiyo iwe ya kubuni, na useme kwamba ni ya kubuni. Usimpachike rais halisi maneno au matendo ambayo huna uhakika nayo.

Huu hapa mfano wa ufunguzi, jinsi ungesikika mdomoni:

"Karatasi iko mezani kwa rais. Wabunge wameshapiga kura, wengi wamekubali. Ameshika kalamu, lakini hataki kusaini. Kwenye nchi moja, akinyamaza tu karatasi inakuwa sheria. Kwenye nyingine, itambidi asaini au avunje Bunge. Leo tunataka kuonyesha kwamba ukitaka kujua rais ana nguvu kiasi gani, usitazame anachoweza kufanya. Tazama nini kinatokea akikataa."

Ufunguzi huo hauchukui dakika moja. Hauna "habari za asubuhi, jina langu naitwa", hauna "mada yetu leo inahusu". Jina lako wanalijua.

Kwa wasilisho la dakika 10, mimi hugawa hivi: dakika moja ufunguzi, dakika mbili aina za marais na vyeo vitatu, dakika tano majukumu mawili uliyochimba, dakika moja yaliyobaki, dakika moja kumrudia yule rais aliyeshika kalamu na kusema alifanya nini. Ukiona muda hautoshi, kata yale yaliyobaki. Usiguse yale mawili.

Hatua ya 5: Slaidi au manila

Msikilizaji hawezi kusoma na kusikiliza kwa wakati mmoja. Ukiweka aya nzima kwenye slaidi atasoma yake, nawe utaongea peke yako. Kichwa cha slaidi kiwe sentensi yenye hoja, si neno moja. Badala ya "SHERIA", andika hivi:

Rais husaini sheria, hatungi
Marekani: siku 10
Kenya: siku 14, kisha 7
Tanzania: siku 21, au Bunge livunjwe

Basi. Maelezo yote mengine yanatoka mdomoni mwako. Slaidi sita au saba za namna hii zinakutosha kwa dakika 10.

Picha ni nzuri zikiwa na kazi. Picha ya bendera inayopepea haina kazi. Mchoro wa mihimili mitatu, Bunge, Serikali na Mahakama, wenye mishale inayoonyesha nani anamzuia nani, una kazi. Uchore mwenyewe hata kama mkono wako si wa msanii.

Kama hakuna projekta, karatasi mbili za manila zinatosha: moja ya mchoro huo, nyingine ya ulinganisho wa nchi. Andika herufi kubwa kwa kalamu ya wino mzito, kisha nenda mwisho wa chumba utazame kama unasoma bila kukaza macho. Wino wa njano na kijani kibichi hauonekani toka mbali, nimeona watu wakijifunza hilo siku yenyewe.

Hatua ya 6: Kadi, na mazoezi ya sauti

Usiandike hotuba nzima ukaisoma. Sauti ya mtu anayesoma inajulikana mara moja. Andika kadi ndogo, moja kwa kila sehemu, yenye vitu vitatu tu: sentensi ya kwanza ya sehemu hiyo, tarakimu na miaka usiyotaka kukosea, na sentensi ya kuvukia sehemu inayofuata. Kwenye kadi ya amiri jeshi ningeandika: "Kuamuru si kutangaza. 1942. 1973, saa 48, siku 60. Nixon alikataa, sasa tuone kalamu yake."

Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, simu ikipima muda. Kusoma kimoyomoyo kitandani hakuhesabiki. Mara ya kwanza utazidisha muda, wote huzidisha. Mara ya pili utajua pa kukata. Mara ya tatu mwombe mtu asiyesoma somo hili akusikilize, kisha muulize swali moja tu: rais anazuiwa na nani? Akishindwa kujibu, hoja yako bado imejificha.

Zoea pia maneno yanayokwama ulimini. "Kuidhinisha", "kuridhia", "kuthibitisha", "kuteua" si maneno ya kubadilishana ovyo. Bunge huridhia mkataba, huthibitisha jina, huidhinisha matumizi. Rais huteua na husaini. Ukiyachanganya, hata kama unaelewa, utaonekana huelewi.

Hatua ya 7: Mkiwa kikundi

Vikundi vingi hugawana majukumu kama nyama: wewe chukua jeshi, mimi nichukue mambo ya nje, yule achukue msamaha. Siku ya siku kila mtu anakuja na kipande chake, kila kimoja kinaanza upya na "rais ni kiongozi wa nchi", na wasilisho linakuwa nguo ya viraka. Someni wote sura ile ya katiba kwanza, mjaze ile karatasi ya safu tatu mkiwa mezani pamoja, ndipo mgawane. Anayefungua na anayefunga awe mtu mmoja.

Mkumbushane jambo jingine kabla hamjasimama. Mada hii iko jirani sana na siasa. Atatokea anayempenda rais aliyeko madarakani na asiyetaka hata kumsikia. Zungumzieni kiti, si aliyekikalia. Mkihitaji mfano wa mtu, chukueni wa zamani uliokwisha kuwa historia, ndiyo maana mimi nimewatumia Wilson na Nixon.

Hatua ya 8: Jiandae kwa maswali

Maswali ya mada hii hujirudia, kwa hiyo hakuna sababu ya kushikwa bila jibu.

"Rais akifariki, nani anachukua nafasi?" Toa mfano wa karibu: Rais John Magufuli wa Tanzania alifariki tarehe 17 Machi 2021, na Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais, akaapishwa tarehe 19 Machi kumalizia kipindi kilichobaki, kama ibara ya 37 inavyoelekeza. Haukufanyika uchaguzi.

"Rais anaweza kuondolewa?" Ndiyo, lakini njia ni ndefu kwa makusudi. Eleza kwanza kwamba kufunguliwa mashtaka na kuondolewa ni vitu viwili. Marekani, Baraza la Wawakilishi lilimfungulia mashtaka Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mara mbili, mwaka 2019 na 2021. Hakuna aliyetiwa hatiani na Seneti. Nixon naye alijiuzulu kabla Baraza halijapiga kura ya kumfungulia mashtaka. Ukitaka mfano wa rais aliyeondolewa kweli, chukua Korea Kusini: Park Geun-hye aliondolewa mwaka 2017 baada ya Mahakama ya Katiba kuunga mkono uamuzi wa bunge.

"Mahakama inaingia wapi?" Swali zuri, maana wawasilishaji wengi huisahau Mahakama. Mfano wa Kenya unatosha: tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti, ukarudiwa.

"Mbona Uingereza haina rais?" Kwa sababu mkuu wa nchi huko ni mfalme au malkia, na mkuu wa serikali ni waziri mkuu. Aliyesikiliza ile sehemu ya vyeo vitatu atajijibu mwenyewe.

Na kuna lile swali usilolitarajia. Usibuni jibu. Siku ya wasilisho, njoo na nakala ya ile sura ya katiba, iliyochapishwa au iliyo kwenye simu, ibara ulizotumia zikiwa na alama. Ukiulizwa usichokijua, sema, "Tuangalie," funua, tafuta kitenzi, soma ibara kwa sauti. Wakati mwingine jibu limo. Wakati mwingine halimo, na unamwambia aliyeuliza kwamba katiba imenyamaza hapo. Niliwahi kuwasikiliza wanafunzi wawili waliosoma ibara moja kwa sauti, wakabishana wao kwa wao mbele yetu kama "anaweza" maana yake ni "lazima", darasa zima likaingia kwenye ubishi, na kengele ikalia hakuna aliyetaka kutoka.